Rafiki Mwenye Nusu ya Bao

Ukiwauliza watu wa Bukoba mjini wa rika langu juu ya Mtunza Ukumbi, wa kwanza atakwambia alikuwa mkali wa mabenchi, wa pili atakwambia alikuwa mwongo, na wa tatu atacheka tu aende zake. Mimi nilikuwa jirani yake miaka mingi, moshi wa jiko lake ukiingia kwangu na wa kwangu ukiingia kwake, na nasema wa kwanza na wa tatu wako sawa. Huyo wa pili ndiye ninayemwandikia.

Ukoo wake sitausema. Mwenyewe akiulizwa alikuwa akijibu, "Ukoo haupangi mabenchi," halafu anakupa benchi ubebe.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ule wa jamii, nyuma ya soko, wenye bati jekundu na madirisha ya kijani. Serikali ya Mwingereza iliujenga ili tustaarabike, nasi tukautumia kwa harusi. Kazi yake ilikuwa kuufungua, kuufagia, kupanga mabenchi kabla ya watu kuingia na kuwagombeza baada ya kutoka. Funguo zilikuwa mbili tu, lakini alizifunga kwa mnyororo ambao ungemtosha ng'ombe. Mabenchi aliyajua kwa tabia zao. "Hilo usilikalie, waitu, hilo lina hasira." Ukiegemea ukuta uliopakwa chokaa juzi, alikuja taratibu, akachechemea mpaka masikioni mwako, akanong'ona: "Bwana, ukuta huo wenyewe umechoka kusimama. Usiubebeshe na mgongo wako."

Kuchechemea kwenyewe alikuleta kutoka vitani. Alikwenda na Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, mpaka Burma, akaumizwa mguu, akalazwa muda mrefu katika hospitali ya jeshi huko Bara Hindi. Tangu hapo mguu ule ulikuwa na maoni. Ulitabiri mvua. Alisimama mlangoni, akaukunja, akaunyoosha, akatangaza: "Mguu unasema leo jioni inanyesha." Mke wangu, Mama Koku, aliposikia hivyo alikimbia kuanika nguo, kwa sababu katika miaka yote ile mguu haukupatia hata mara moja. "Tumshukuru Mungu kwa ule mguu," alikuwa akisema, "nguo zetu zinakauka."

Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu aliyefika Burma hakupenda safari. Meli ya kwenda Mwanza ikipiga honi pale gatini, yeye aliziba masikio. Mpwa wake alikuwa mvuvi kisiwani Goziba, akamwalika kila mwaka aende kula samaki, na kila mwaka Mtunza Ukumbi alijibu kwamba samaki wana miguu ya kutosha kuja wenyewe. Hapo ndipo tulipopatana. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipelekwa sekondari mbali, nikalia muhula mzima, nikarudi na cheti na kiapo cha kutosafiri tena. Nikawa karani wa stoo ya kahawa, mwendo wa dakika chache kutoka kitandani kwangu, na hata hapo naona ni mbali wakati wa mvua. Jioni tulikaa barazani kwake, wasafiri wawili wastaafu, mmoja wa Burma na mmoja wa bweni, tukitafuna kahawa na kuwahurumia wanaopanda meli.

"Mimi nilikwenda mbali ili nirudi vizuri," alisema. "Wewe hukwenda kabisa. Kwa hiyo umerudi vizuri zaidi."

Vita hakuvisimulia. Tulipomwuliza kama aliua mtu, alitutazama kama tuliouliza habari za chooni. Hadithi zake zote zilianza na maneno yale yale: "Kitanda changu hapa, cha Kwabena pale." Kwabena alikuwa askari wa Gold Coast, Afrika ya Magharibi, aliyelazwa kitanda cha jirani akiwa na bega lililovunjika. Mmoja hana mguu, mwingine hana bega, lugha hawaelewani, Kiingereza chenyewe ni kile cha kuamrishwa. Wakafundishana dunia zao kwa vidole na kwa kuchora hewani. Basi kwa mujibu wa Kwabena, huko Gold Coast machifu hutembea chini ya miavuli mikubwa kama vibanda. Kitambaa hufumwa kwa ukanda mwembamba, halafu kanda hushonwa pamoja mpaka ziwe nguo ya kujitanda mtu mzima. Na kila mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Kwabena ni wa Jumanne.

Hilo la siku ndilo lililomharibia. Alianza kutugawia majina ya Kwabena mtaani. Mimi akaniuliza, "Karani, ulizaliwa siku gani?" Nikamwambia mama yangu alisema nilizaliwa siku senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka wengi. Akasikitika sana, akasema huko Gold Coast ningekosa jina kabisa. Na watu wakaanza kuuliza: kama kila wa Jumanne ni Kwabena, mama akiita chakula kiko tayari wanakuja wangapi? Nchi gani hiyo?

Aliyeuliza kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Ta Kajuna wa Kaagya. Huyu alikuwa bingwa wa bao, mzee mfupi mwenye koti la sufu hata juani, na neno lake lilikuwa na uzito kuliko la hakimu, kwa sababu hakimu hushindwa rufani na Ta Kajuna hajawahi kushindwa. Siku moja sokoni alimsikiliza Mtunza Ukumbi mpaka mwisho, kisha akasema: "Tata, huyu Kwabena wako alilazwa kichwani mwako. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu."

Neno likashika. Ndani ya msimu mmoja wa kahawa mji mzima ulikuwa ukilitumia. Binti akidai ana mchumba Kampala ambaye hakuna aliyemwona, huyo alikuwa mchumba wa kwabena. Wingu likipita bila kunyesha, mvua ya kwabena. Hata katika kwaya yetu ya Kilutheri, mwimbaji aliyefungua mdomo bila kutoa sauti aliambiwa anaimba kikwabena. Nami nilicheka, maana maneno yalikuwa matamu. Mtunza Ukumbi hakucheka. Kumwita yeye mwongo hakukumsumbua sana. Alikwisha itwa mengi na wenye kuegemea kuta. Lakini rafiki yake alikuwa amegeuzwa jina la vitu visivyokuwepo, na hilo lilimla.

"Karani," aliniambia jioni moja, "mtu alinipa uji kwa mkono mmoja mzima miezi yote ile. Nami nimemleta Bukoba nikamfanya upepo."

Ndipo akaamua kufanya maonyesho.

Vitu alivyokuwa navyo kutoka Magharibi vilikuwa vichache, vyote alipewa wodini: ukanda mmoja wa kitambaa chao, wa manjano na wa rangi nyingine zilizochanganywa kwa akili, samaki wa shaba mdogo kama kidole gumba, aliyetumika zamani kupimia dhahabu, kofia ya mtu wa Nigeria aliyepona akaisahau, na bao ambalo Kwabena alilichonga kwa mkono wake mzima. Vilitosha kujaza nusu ya meza. Ukumbi una kuta nne. Akaona lazima achore.

Sasa, Mtunza Ukumbi hakuwa mchoraji. Alikuwa na rangi iliyobaki ya bati na rangi iliyobaki ya madirisha, kwa hiyo Afrika ya Magharibi yote ikawa nyekundu na kijani. Turubai hakuwa nalo; alikuja kwangu kuomba shuka kuukuu, nami kwa moyo mweupe na akili ndogo nikampa lile lililokuwa juu kabatini. Mama Koku alipoingia ukumbini alisimama mbele ya picha ya soko la Kumasi, mji wa Gold Coast, kwa muda mrefu.

"Hili soko nalijua," akasema.

"Uliliona wapi, mama?" Mtunza Ukumbi akauliza kwa furaha.

"Nimeolewa juu yake."

Na mikono hakuijua kuichora. Vidole vilimshinda, kwa hiyo watu wote wa Gold Coast, machifu, wachuuzi, wapiga ngoma, walisimama mikono nyuma. Nilimwuliza wapiga ngoma wanapigaje. Akasema wamepumzika. Mwalimu wetu wa madrasa aliitwa aseme kama inaruhusiwa kuchora viumbe. Akazunguka ukumbi mzima, akavua miwani, akavaa, akasema haoni tatizo lolote, kwa kuwa hajaona kiumbe kinachofanana na vile.

Maandishi niliandika mimi, kwa sababu ya mwandiko wa sekondari. Nilitaka kuandika "Maonyesho ya Sanaa." Akakataa. "Andika: WAGENI KUTOKA MAGHARIBI. Hivi si vitu, hawa ni wageni wa Kwabena." Na kweli aliwapokea kama wageni. Sakafu ya simenti aliitandika nyasi mbichi kama nyumba yenye harusi, zikanukia mpaka sokoni. Mlangoni aliweka kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kila anayeingia achukue punje mbili, aketi, atafune, ndipo atazame. "Mgeni haulizwi habari kabla ya kahawa," alisema. Afisa mmoja Mwingereza aliyepita kuona alipewa kahawa zake kama wengine. Akaziweka mdomoni, akangoja ziyeyuke.

Watu walikuja. Walitoka Kaagya, walitoka mpaka Izigo kule Muleba, na kwa kuwa Mhaya haendi kwa mgeni mikono mitupu, walikuja na vitu: mkungu wa ndizi, kikapu, kipande cha lubugo, ile nguo ya magome, kibuyu. Mtunza Ukumbi hakuweza kukataa zawadi za wageni wake, akazipanga mezani. Kufika saa sita huwezi kujua Gold Coast inaishia wapi na Muleba inaanzia wapi. Bibi mmoja alisifu sana ustadi wa watu wa Magharibi mbele ya kikapu alichokisuka dada yake.

Lakini mwenye maonyesho alikuwa akitazama mlango tu. Alikuwa amemtumia Ta Kajuna mwaliko kwa midomo ya watu watatu, asije akasema hakusikia.

Akaja, amebebwa nyuma ya baiskeli na koti lake. Akatafuna kahawa kwa adabu, akapita mbele ya picha. "Hawa watu hawana mikono?"

"Wana heshima, tata," akajibiwa.

Alipofika mezani, akaliona bao. Watu wakasogea karibu, kwa maana kila mmoja alijua kwamba kwenye bao yeye ndiye mahakama. Akalinyanyua. Akaligeuza. Akapitisha kidole ukingoni, upande mmoja, halafu upande wa pili, kama anayemkagua mbuzi.

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Nusu gani?"

"Bao lina mistari minne, mashimo manane kila mstari. Mtoto anajua. Hili lina mistari miwili, na yenyewe ya mashimo sita. Umelikata, tata. Umeliwekea msumeno huku na huku."

Watu wakaguna. Nilimwona Mtunza Ukumbi akitafuta mahali pa kushika, akashika ule ukuta wa chokaa asiotaka uguswe.

"Ndivyo wanavyocheza," akasema. "Ndivyo Kwabena alivyonifundisha."

"Kwabena!" mtu akasema nyuma, na kicheko kikazunguka.

Ta Kajuna akainua mkono, kikakoma. "Kama ndivyo wanavyocheza, basi tucheze."

Kete hazikuwepo. Wakamimina kahawa kutoka kikapu cha mlangoni, nne nne kila shimo. Mtunza Ukumbi akaeleza sheria, Ta Kajuna akazishika kabla hazijamalizika kutamkwa, na mchezo haujachacha alikuwa anamfagia mwenzake. Punje zikaisha upande wa Mtunza Ukumbi. Mashimo sita, matupu kama midomo ya njaa. Ta Kajuna akakunja mikono ya koti. "Umekufa."

"Bado," akasema Mtunza Ukumbi kwa sauti ndogo. "Sasa lazima unipe."

"Nikupe nini?"

"Kahawa. Mwenzako akiishiwa kabisa, huruhusiwi kumwacha hivyo ukiwa na njia. Unacheza kete zako zivuke upande wake, apate cha kuchezea. Ndiyo sheria yao."

Hapo ukumbi ulilipuka. Watu walishika mbavu. Mtu mmoja alikaa kwenye benchi lenye hasira, likamtupa, hakuna aliyemtazama. Bao la kumlisha adui! "Mchezo huo ameutunga jana usiku," wakasema, "kwa kuwa alijua atashindwa!" Nami nikaona aibu kwa niaba yake, nikaanza kuzisoma herufi zangu ukutani kana kwamba sizijui.

Ta Kajuna peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama bao. Kisha akageuka akatazama picha, moja baada ya nyingine, chifu asiye na mikono, soko la shuka letu, wapiga ngoma waliopumzika. Akarudi kwenye bao.

"Nyamazeni," akasema. "Mimi nikitaka kuwadanganya nyinyi juu ya bao, nitachonga la mistari minne. Nitawapa mnachokijua, mkubali, mwende nyumbani. Mwongo hujifananisha na kweli. Nani atawadanganya watu wa Kaagya kwa nusu ya bao?"

"Na sheria hii," akaendelea, "si ya kijinga. Nimeicheza. Ina hesabu ndani yake. Inabidi ufikirie tumbo lako na tumbo la mwenzako. Mtu aliyeitunga ana kichwa." Akamtazama Mtunza Ukumbi kwa huruma. "Huyu hapa mnamjua. Tazameni picha zake. Huyu anaweza kutunga kitu kama hiki?"

Watu wakatazama picha.

"Hawezi," wakakubali wote, hata mimi.

"Basi Kwabena yupo," akahukumu Ta Kajuna. Akacheza shimo lake la mwisho, punje zikavuka upande wa pili moja moja, na alipomaliza akagusa ukingo wa lile bao kwa kiganja, kama anavyoguswa bega mgeni aliyefika. "Karibu, tata. Safari ilikuwa ndefu."

Sijawahi kumwona mtu akitukanwa hadharani akalia kwa furaha, isipokuwa siku ile.

Lile neno halikufa, lakini liligeuka. Kwenye mabao ya Kaagya, mtu akisafishwa mpaka hana kete, watazamaji walikuwa wakimpigia kelele mshindi: "Kwabena! Mpe Kwabena!" Na Ta Kajuna, ambaye hakuwahi kumpa mtu yeyote kitu, alijibu, "Hapa si Gold Coast."

Shuka letu lilirudi nyumbani. Mama Koku alilifua mara nyingi, lakini rangi ya bati haitoki. Koku alilala juu ya soko la Kumasi mpaka alipoolewa, na hakuna mwanangu mwingine aliyesafiri kama yeye.

Mara ya mwisho nilipomwona Mtunza Ukumbi, alikuwa amekwisha acha ukumbi na kurudi kwenye kibanja chake cha migomba huko Izigo. Kwangu mimi Izigo ni ng'ambo ya dunia. Nilipanda basi nikiwa na sukari na suruali ya akiba, Mama Koku akinisindikiza kituoni kana kwamba naenda Burma. Ilikuwa baada ya Gold Coast kupata uhuru wake na kubadili jina; sisi bado bendera ilikuwa ya Mwingereza. Nilimkuta mlangoni, amekonda, mguu ameuweka kwenye kigoda peke yake kama mgeni rasmi.

"Karani! Umefikaje?"

"Kwa taabu."

"Ndiyo njia. Mguu ulisema leo haji mtu."

Tulitafuna kahawa, akatoa bao la Kwabena, tukaanza kucheza. Nikamwambia nimesoma gazetini kwamba nchi ya rafiki yake sasa inaitwa Ghana. Akasema amesikia, na kwamba wangemwuliza kwanza, maana sasa itabidi aanze upya kuwasadikisha watu. Tukacheka. Kisha akawa anazungusha punje kiganjani.

"Unajua tuliagana vipi na Kwabena? Tuliahidiana. Mimi niwaonyeshe watu wa kwetu habari zake, naye awaonyeshe watu wa kwao habari zangu."

"Na wewe umetimiza."

"Mimi nimetimiza. Namwaza yeye." Akaegemea mbele. "Nilimpa kahawa za kutafuna. Nani huko atasadiki kwamba kuna watu wanatafuna kahawa? Nilimweleza senene, jinsi tunavyowakaanga. Hilo namwombea asilisimulie kabisa. Na nilimchongea bao letu, la mistari minne."

"Hilo zuri," nikasema. "Hilo ni ushahidi."

"Ushahidi!" Akashika kichwa. "Karani, wao bao lao ni mistari miwili. Ataleta la mistari minne, watamwambia nini? Watamwambia: mwongo wewe, umeunganisha mabao mawili."

"Wakilikagua wataona ni moja."

Alitazama migomba.

"Mbao za wodini zilikuwa nyembamba," akasema. "Za masanduku ya dawa. Sikupata ubao wa kutosha mistari minne. Nilichonga miwili, nikachonga mingine miwili, nikaiunganisha. Kwa misumari, Karani. Pale pale katikati. Mtu yeyote akiligeuza ataiona."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumwambia kwamba hata huko Ghana labda yupo mzee mfupi mwenye koti. Badala yake nilitazama upande wangu wa bao, nikaona sina hata punje moja. Alikuwa amenifagia wakati nikisikiliza.

Akahesabu kwa macho, akachagua shimo lililojaa, akaanza kuzipanda kete zake moja moja mpaka zikavuka kwangu.

"Cheza," akasema.

Nikacheza. Jua lilikuwa limeanza kupinda na basi la mwisho la Bukoba lilikuwa limekwisha pita. Usiku ule nililala mbali na nyumba yangu kwa mara ya kwanza tangu shule.